Ngozi ya fedha, kiini cha shaba: kuzisoma sarafu ghushi za Wagiriki na Warumi

Mpe sonara wa Mji wa Kale wa Mombasa dinari ya Kirumi ya ghushi aiweke kwenye mashine ya kupimia karati, na kioo kitaandika fedha asilimia 95 au zaidi. Mashine haijakosea. Imesoma ilichokiona, na ilichokiona ni ngozi: miale yake ya eksirei hupenya makumi machache tu ya maikromita za fedha, basi. Mghushi wa miaka elfu mbili iliyopita aliivika shaba yake bamba la fedha lenye unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, yaani kupita kina hicho. Jiwe la kusugulia na tone la asidi havitasema zaidi, kwani navyo huonja juu juu, tena huacha kovu lisilotoka. Kuigonga mezani ukasikiliza mlio hakutoshi pia. Fedha halisi iliyokaa ardhini karne ishirini hugeuka chembechembe ndani na kuwa dhaifu, na mlio wake hufa vilevile.

Nayaandika haya kwa wenzangu wa pwani wanaosoma na kukusanya sarafu za kale, ambao wengi wao hununua kwenye minada ya Ulaya kupitia mtandao, na kwa masonara wanaoletewa sarafu waseme ni fedha au si fedha. Msimamo wangu ni huu: sarafu iliyovikwa haihukumiwi kwa kipimo kimoja. Ukingo wake, densiti yake (gramu kwa kila sentimita ya ujazo) na mihuri iliyoipiga ni mashahidi watatu wasiojuana. Wakikubaliana, una jibu. Na jibu likiwa "ghushi", usiitupe, kwa kuwa hapo ndipo utafiti wenyewe unapoanza.

Ilivyotengenezwa

Njia iliyotumika sana tangu Wagiriki hadi Jamhuri ya Roma ilikuwa kufunika kwa bamba. Kisahani cha shaba nyekundu kilisuguliwa mpaka king'ae, kikafungwa ndani ya bamba jembamba la fedha: ama kipande kimoja kilichokunjwa ukingoni, ama viduara viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinavyopandana ukingoni. Kisha kikaingia motoni, na hapa ndipo ufundi ulipo. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962 za Selsiasi, shaba kwa nyuzi 1,085. Lakini mchanganyiko wa fedha asilimia 72 na shaba asilimia 28 huyeyuka kwa nyuzi 780 tu. Kwa hiyo pale metali hizi mbili zinapogusana panayeyuka kabla ya bamba lenyewe, na pakipoa pamejilehemu bila ya lehemu kutiwa. Sonara anayelehemu vikuku vya fedha anaijua aloi hiyo vizuri. Kisahani kilichovikwa kiliwekwa kati ya mihuri miwili na kupigwa nyundo, sawa na sarafu ya serikali.

Kila hatua ina aibu yake, na aibu hizo ndizo tunazozitafuta. Shaba isiposafishwa, kutu ya moto huzuia lehemu isishike, na bamba hubaki limelala tu juu ya kiini, likingoja kuinuka. Hewa ikinaswa chini ya bamba, joto huivimbisha na kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu isiyo na picha, hutokea malengelenge. Moto ukizidi, fedha hukimbilia upande mmoja na kuacha mwingine mwembamba. Nyundo inaposhuka, bamba huvutika kuliko kwingine pale ukingoni na kwenye vilele vya picha: pua, shavu, nywele, bawa la farasi. Hapo ndipo litakapotoboka kwanza.

Hesabu ya faida ni rahisi. Dinari ya karne ya 1 KK ina uzito wa karibu gramu 3.85 na kipenyo cha milimita 18. Pande zake mbili pamoja na ukingo hufanya kama sentimita mraba 6. Bamba la milimita 0.1 juu ya eneo hilo linataka gramu 0.6 za fedha. Fedha ya dinari moja halali ilivika sita za ghushi, na shaba ilikuwa bei ya chini mno.

Dhahabu nayo ilivikwa, ama kwa bamba, ama kwa zebaki: dhahabu huchanganywa na zebaki, hupakwa, kisha zebaki hufukuzwa kwa moto. Ngozi ya namna hiyo ni nyembamba sana na haina mshono. Sarafu za dhahabu nazipitia haraka kwa sababu densiti yake inamaliza ubishi mapema: dhahabu ni 19.3 na shaba ni 8.96, hakuna mghushi wa zamani aliyeweza kuziba pengo hilo.

Kuangalia

Anza na ukingo, si na uso. Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 inatosha, na taa moja ndogo iliyolazwa ubavuni ili mwanga upite kwa kuteleza juu ya sarafu. Izungushe polepole ukingo wote. Unatafuta mstari unaoukata ukingo kwa mshazari au kuufuata kwa urefu, mahali mabamba mawili yalipopandana. Mstari huo una mdomo: upande mmoja umeinuka kidogo kuliko mwingine. Ufa wa kawaida wa sarafu halisi, unaotokana na kupigwa, huingia kutoka ukingoni kuelekea katikati na pande zake mbili ziko sawa.

Halafu nenda kwenye vilele vya picha. Palipotoboka, uliza maswali mawili. Je, kuna kingo kali, ngazi ndogo inayoshuka kutoka kwenye fedha hadi kwenye kitu kingine? Na hicho kitu kingine ni chekundu, kahawia au kijani? Zote mbili zikiwapo, umeona kiini.

Wengi huteleza kwenye doa la kijani. Sarafu za fedha zilizozikwa pamoja na za shaba kwenye chungu kimoja hupakwa kijani cha jirani zake, na doa hilo hukaa *juu* ya fedha, halina ngazi, wala halishuki popote. Kinyume chake, kijani cha kiini hutokea *chini* ya fedha na mara nyingi huisukuma, kwa hiyo utaona bamba limejikunja nje kuzunguka tundu.

Kuna mtego mwingine wa pili, wa fedha halisi inayobanduka. Kisahani kilichomwagwa vibaya huwa na matabaka, na tabaka la juu laweza kuinuka na kuvunjika. Angalia chini yake: kama ni kijivu na kina chembe za fedha, basi hiyo ni fedha hadi ndani, haidhuru inaonekana mbovu vipi. Mtego wa tatu ni sarafu za serikali zilizopunguzwa fedha. Septimius Severus, aliyetawala kati ya 193 na 211, aliishusha dinari hadi karibu nusu ya fedha, na kufikia miaka ya 260 sarafu za "fedha" za Roma zilikuwa na fedha asilimia chache tu, juu zikiwa na weupe mwembamba. Zikichakaa huonyesha wekundu, lakini wekundu huo huja kwa kufifia, bila mpaka mkali. Hizo ni sarafu halali. Kuziita ghushi ni kuwasingizia watu wa karakana ya serikali.

Malengelenge ni ushahidi mzuri sana yakiwa yamepasuka. Yakiwa mazima, linganisha na sarafu za kisasa za kumwagwa kwenye kalibu, ambazo pia huwa na vijipele; vya kumwagwa ni vidogo, vigumu, na vimejaa hata ndani ya herufi.

Kupima

Uzito peke yake ni shahidi dhaifu. Shaba ni nyepesi kuliko fedha kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo ghushi ya ukubwa uleule na dinari yetu itakuja kwenye gramu 3.4 badala ya 3.85. Lakini dinari halisi iliyochakaa nayo hufika 3.4, na mghushi mwenye akili alitumia kisahani kinene kidogo. Pima kipenyo na unene pamoja na uzito. Sarafu nene yenye uzito wa kawaida inatia shaka kuliko nyepesi.

Densiti ndiyo inayosema kweli, na kipimo chake kinafanyika mezani nyumbani. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, na ikisoma 0.001 ni bora zaidi. Zima pangaboi na funga dirisha. Upepo mdogo tu unatosha kuitikisa namba ya mwisho. Pima sarafu ikiwa kavu na uandike. Weka juu ya mizani gilasi ndogo yenye maji, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba kabisa wa mshipi, uning'inize kutoka kwenye kijiti kilichotegemezwa nje ya mizani, uishushe sarafu mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Chukua mfano. Dinari ya fedha ya gramu 3.85 itasoma 0.37 majini, 3.85 kwa 0.37 ni 10.4, ndivyo inavyotakiwa kwa fedha ya asilimia 95 au zaidi. Ghushi yenye ukubwa huohuo itasoma 0.37 vilevile, lakini ukavu wake ni gramu 3.41, na jibu ni 9.2. Sasa ona udhaifu wa mizani ya 0.01: ikikosea tarakimu moja, dinari halisi itatoka 10.1 na ghushi 9.5. Bado zinatofautiana, ila kwa nafasi ndogo, basi rudia kipimo mara tano na uchukue wastani. Kwa sarafu ya Athens ya drakma nne, gramu 17.2, makosa hayo hayana uzito wowote kwa sababu maji yanayosukumwa ni zaidi ya gramu 1.6.

Kinachoharibu kipimo zaidi ya vyote ni kiputo cha hewa. Kiputo cha sentimita za ujazo 0.02, kilichojificha chini ya uzi, kitaishusha dinari halali hadi 9.9 na kuipaka tope bure. Lowesha sarafu kwanza kwa spiriti kwa brashi laini, kisha ndipo uizamishe. Usitie sabuni ya vyombo ndani ya maji kama wengine wanavyofanya. Nyingi ina chumvi. Maji nayo yasiwe ya mfereji, na ya kisima cha Mombasa ndiyo usiyaguse kabisa. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari, na uangalie mara mbili kwamba chupa uliyopewa ni ya maji, si ya asidi, maana hukaa rafu moja. Maji ya huku huwa na joto la nyuzi 28 hivi, na densiti yake ni 0.996, mwenye mizani ya 0.001 azidishe jibu lake kwa hiyo.

Sarafu ambayo kiini chake tayari kinaonekana usiizamishe. Jibu unalo, na maji yatapenya kwenye tundu hilo na kukaa.

Si kila kiini ni shaba. Kuna vya chuma, ambavyo sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi itavigundua mara moja. Kuna vya risasi, na hivyo vina hila: risasi ni 11.34, nzito kuliko fedha, kwa hiyo densiti ikitoka juu ya 10.5 kwenye sarafu ya fedha usishangilie, shuku. Ile mbinu ya kutelezesha sarafu juu ya sumaku kali na kuangalia kama inashuka taratibu haitakusaidia kwa shaba, kwa sababu shaba hupitisha umeme karibu sawa na fedha na zote mbili huteremka polepole.

Anayetaka kujizoeza kabla ya kugusa sarafu ya thamani atafute riale la Maria Theresa, lile la 1780 lililozunguka pwani yetu kwa miaka mingi na ambalo bado linaonekana kwa masonara. Uzito wake ni gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, na densiti yake inapaswa kutoka 10.2. Ukiipata namba hiyo mara tatu mfululizo, mkono wako umetulia.

Walivyopambana nazo wenyewe

Waliozitumia sarafu hizi hawakuwa na mizani ya desimali, bali walikuwa na patasi. Sarafu nyingi za Athens zenye bundi zilizofika Misri na Shamu zina mkato mkubwa ulioingia hadi katikati: mfanyabiashara alitaka kuona moyo wake. Mkato unaoonyesha fedha chini yake ni hati ya uhalali, na mimi huona ni makosa kuishushia sarafu hadhi kwa ajili yake.

Athens yenyewe iliandika sheria. Jiwe lililochimbuliwa sokoni mwake mwaka 1970 lina sheria ya mwaka 375/374 KK iliyopendekezwa na Nikophon. Mpimaji, aliyekuwa mtumwa wa umma, aliketi kila siku kati ya meza za wabadilishaji fedha. Akiletewa sarafu yenye kiini cha shaba au cha risasi, aliikata papo hapo, ikawekwa wakfu kwa Mama wa Miungu na kukabidhiwa Baraza. Asipoketi mahali pake, viboko 50. Sheria hiyohiyo iliweka mpimaji wa pili bandarini Piraeus, kwa ajili ya wenye meli na wachuuzi. Kwa msomaji wa Mombasa hilo halihitaji maelezo: bandarini ndiko zinakoingia fedha za kila nchi, na ndiko shaka ilikoanza.

Miongo mitatu kabla ya hapo, mji huohuo ulikuwa umetoa sarafu za kuvikwa wenyewe. Vita na Sparta vilikuwa vimeikausha hazina, na mwaka 406/405 KK zikapigwa drakma za shaba zilizovikwa fedha. Mshairi wa vichekesho Aristophanes alizisema vibaya jukwaani mwaka 405. Chungu chenye sarafu za namna hiyo kilipatikana Piraeus mwaka 1902. Mfano huu ni muhimu kwa sababu unatukataza kusema kwamba kila sarafu iliyovikwa ni kazi ya mhalifu. Nyingi mno ni kazi yake, na kwa Jamhuri ya Roma hoja ya mtaalamu wa sarafu Michael Crawford kwamba hazikutoka serikalini naiona ina nguvu. Ila kila kundi lihukumiwe kwa ushahidi wake. Hata Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anataja habari ya Polycrates, mtawala wa kisiwa cha Samos, kuwalipa Wasparta kwa risasi iliyovikwa dhahabu, naye mwenyewe haiamini, lakini sarafu za risasi zilizovikwa za Samos zipo kweli.

Warumi waliwahi kupiga dinari zenye meno ukingoni, zilizokatwa chale kabla ya kupigwa. Wengi wamedhani chale hizo ziliwekwa ili kuonyesha kwamba ndani ni fedha. Kama lilikuwa lengo, halikufaulu: zipo zenye meno na kiini cha shaba, bamba likiwa limesukumwa ndani ya kila chale kwa uangalifu wa ajabu. Alama ndogo za wabadilishaji fedha, zile nyota na herufi zilizogongwa uwanjani, nazo si kinga. Ncha butu hubonyeza bamba chini bila kulipasua, na ghushi hupita mtihani.

Mwaka 85 KK praeta (hakimu mkuu) Marius Gratidianus alitoa amri ya kupima dinari, na watu wa Roma wakafurahi hata wakamsimamishia sanamu mitaani. Anayesimulia ni mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyefariki mwaka 79, na anaongeza jambo ambalo kila mkusanyaji angepaswa kulijua: katika zama zake mfano mzuri wa dinari ya ghushi ulinunuliwa kwa dinari kadhaa halali, ili watu wajifunze kwayo.

Kusoma mihuri

Ukishajua kwamba sarafu imevikwa, swali linalofuata ni nani aliipiga, na hilo hujibiwa na mihuri. Weka picha ya uso na ya mgongo kwa kipimo kimoja, kisha tafuta sarafu halisi za toleo lilelile kwenye hifadhi za mtandaoni za American Numismatic Society: CRRO kwa Jamhuri ya Roma, OCRE kwa enzi ya makaisari. Usilinganishe uzuri wa sura. Linganisha umbali: ncha ya pua iko dhidi ya herufi gani, mguu wa A unaelekea kwenye nywele ipi, nukta za duara la ukingoni zinakatwa wapi. Mihuri ilichongwa kwa mkono, na hakuna miwili inayolingana kwa hayo yote.

Ghushi ikilingana kikamilifu na sarafu ya serikali, kuna njia mbili. Ama muhuri wenyewe ulitoka karakanani, kwa wizi au kwa mfanyakazi mwenye tamaa, ama mghushi alichukua sarafu halisi na kuikandamiza kwenye metali iliyopashwa moto akajitengenezea muhuri. Kuzitenganisha ni kazi nzuri. Muhuri wa kunakili hubeba kasoro za mama yake: kama sarafu iliyonakiliwa ilikuwa na mkwaruzo au alama ya mbadilishaji fedha, watoto wote watazaliwa na mkwaruzo uleule mahali palepale. Herufi zake ni laini, na vilele vya picha vimechakaa hata pale ambapo bamba halijaguswa.

Mara nyingi zaidi utakuta muhuri uliochongwa upya na mtu asiyejua Kilatini. Herufi zimegeuzwa, S imelala, neno limekatika. Au utakuta mseto: uso wa kaisari mmoja na mgongo wa mrithi wake, matoleo ambayo karakana ya serikali haikuyaunganisha. Mseto una faida kubwa kwa mwenye kutafuta tarehe, kwa sababu sarafu haiwezi kuwa ya kale kuliko upande wake mpya zaidi, na unatuonyesha ni sarafu zipi zilizokuwa pamoja mfukoni mwa mghushi.

Unapoandika kumbukumbu, usiishie kwenye uzito na kipenyo. Andika mwelekeo wa mihuri kwa namba za uso wa saa: shika sarafu uso ukiwa wima, igeuze kwa kuizungusha kushoto kwenda kulia, na uandike kichwa cha mgongo kinaelekea saa ngapi. Andika pia mahali pa kila tundu kwa saa hizohizo. Piga picha nne za ukingo, saa 12, 3, 6 na 9. Picha za ukingo hazipatikani kwenye katalogi nyingi, na ndizo zinazokosekana mtu anapotaka kujua bamba lilikunjwa vipi.

Jihadhari na ghushi za kisasa zinazojifanya ghushi za kale. Kuvika kwa umeme kulipewa hataza na akina Elkington wa Birmingham mwaka 1840. Ngozi ya umeme ni sawasawa kila mahali, haina mshono ukingoni, na inaingia ndani ya kila kona ya herufi kwa unene uleule. Kiini cha shaba ya njano inayong'aa nacho ni dalili mbaya. Unaponunua, dai karatasi za asili ya sarafu. Na kilichookotwa ardhini au baharini hapa Kenya kiko chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Kiripoti kwa Makumbusho ya Fort Jesus kabla hujakisugua.

Hewa ya Mombasa

Sehemu hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Fedha na shaba zilizogusana, zikipata unyevu wenye chumvi, ni betri, na katika betri hiyo shaba ndiyo inayoliwa. Tundu dogo kwenye bamba kubwa ni hali mbaya kupita zote, kwa sababu fedha yote ya juu inashambulia kijisehemu kimoja cha shaba. Kutu inayozaliwa inachukua nafasi zaidi ya mara moja na nusu ya shaba iliyoliwa, ikakosa pa kwenda, ikalipasua bamba kutoka ndani. Hewa inayotoboa mabati ya Nyali na Likoni haitaihurumia dinari.

Kloridi ikishaingia, hutokea unga wa kijani cheupe unaorudi kila ukiufuta. Huo ni ugonjwa, si rangi ya uzee. Unatulia unyevu ukiwa chini ya asilimia 40 hivi, na chumba cha kawaida Mombasa hukaa juu ya 70. Kwa hiyo sarafu ikae kwenye chombo cha plastiki kigumu chenye mfuniko wa kubana, pamoja na jeli ya silika na kipima unyevu kidogo kinachosomeka bila kufungua. Chagua silika ya rangi ya machungwa badala ya ile ya buluu yenye kobalti. Ikibadilika rangi, iweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha irudishe. Msimu wa masika utalazimika kufanya hivyo mara nyingi zaidi.

Usiisafishe kwa ndimu wala ukwaju, ingawa ndivyo tunavyong'arisha vyombo vya shaba nyumbani. Asidi hiyo inapita kwenye tundu, inakula kiini chini ya bamba, na ngozi ya fedha hubaki inaning'inia juu ya uwazi. Majivu na dawa ya meno hukwangua. Maji ya asidi ambayo sonara huchemshia vito vipya yatamaliza kazi kwa dakika chache. Karatasi ya alumini na magadi ni umeme uleule kwa jina jingine. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu na kijiti cha mwanzi chini ya lenzi. Ikibidi kulowesha, iloweke mara mbili kwenye asetoni safi kutoka kwa duka la kemikali, dakika kumi kila mara, kisha ikauke chini ya balbu. Shika kwa glovu, jasho ni chumvi. Vifuko laini vya PVC hutoa asidi kwenye joto letu. Tumia vya poliesta. Zenye kiini cha risasi zisikae kwenye kasha la mbao au kadibodi, kwa kuwa mvuke wa asidi wa mbao huigeuza risasi kuwa unga mweupe.

Kila mwaka, siku ya kukausha silika, pima uzito wa kila sarafu tena na uuandike chini ya ule wa zamani. Shaba inayoliwa hushika oksijeni na kloridi, na uzito hupanda. Ukiona imeongeza gramu 0.02 na nje haijabadilika, kutu inaendelea chini ya bamba. Itenge na wenzake na umwite mhifadhi wa metali kabla ngozi haijapasuka.